Aloi za Madini Adimu kwa Sumaku za Kudumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka kwa mafundi wa mota wa Kisumu na Nakuru, wanafunzi wa vyuo vya Magharibi, na watu wanaosikia kwamba milima ya kwetu ina madini adimu, yaani kundi la metali kama neodimiamu na seriamu, na wanataka kujua yanageukaje kuwa sumaku. Majibu yanamfaa mtu anayetaka kuyeyusha, kusaga, kuoka na kupima mwenyewe, au anayetaka kumwelewa anayefanya hivyo.

Tunataka aloi yenye nguvu kuliko zote. Tuanzie wapi?

Anzieni kwenye kazi ambayo sumaku itafanya. Sumaku ina namba mbili zinazovutana. Ya kwanza ni usumaku unaobaki baada ya kuichaji, unaopimwa kwa tesla. Ya pili ni uwezo wake wa kukataa kugeuzwa na uga wa nje, yaani nguvu ya sumaku nyingine au ya koili yenye umeme. Kitaalamu huitwa koasiviti, ila humu tutauita ukaidi, maana ndivyo ulivyo.

Sumaku ya neodimiamu hupoteza takriban 0.12% ya usumaku wake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopanda. Ukaidi wake hupungua haraka zaidi, takriban 0.6%. Chukulia mota ya bodaboda ya umeme inayopanda mlima wa Riat, nje ya Kisumu, ikiwa na abiria na gunia la mahindi. Koili zikipasha sumaku kutoka nyuzi 25 hadi 125, usumaku umepungua kwa 12% tu, lakini ukaidi umeshuka kwa 60% hivi. Hapo dereva anakaza ekseleta, mkondo mkubwa unasukuma uga kinyume, na sumaku inasalimu amri. Hata ikipoa, nguvu ile hairudi.

Kwa hiyo aloi ya mota huchaguliwa kwa ukaidi wake kwenye joto la kazi. Ndiyo maana ya herufi zinazofuata namba ya daraja: N42 tupu hukadiriwa nyuzi 80, M 100, H 120, SH 150, UH 180. Makadirio hayo hutegemea umbo pia. Kisahani chembamba hupoteza nguvu mapema kuliko kipande kinene cha aloi ileile, kwa sababu ncha zake mbili ziko karibu na kila moja inamdhoofisha mwenzake.

Fomula ya sumaku ya neodimiamu ni Nd2Fe14B, yaani atomu 2 za neodimiamu, 14 za chuma na 1 ya boroni. Mbona kila mapishi yana neodimiamu zaidi ya hiyo?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na anayelielewa ameshaelewa nusu ya kazi.

Ukipiga hesabu ya uzito wa atomu, Nd2Fe14B ina neodimiamu 26.7%, chuma 72.3% na boroni 1%. Sumaku halisi huwa na madini adimu kati ya 29% na 32%. Ile ziada haiingii ndani ya chembe za fuwele zinazounda sumaku. Hukaa katikati yake, kama udongo kati ya matofali. Wakati wa kuoka huyeyuka na kuzivuta chembe zishikane. Ikipoa hubaki ngozi nyembamba inayotenga chembe moja na nyingine. Bila ngozi hiyo, chembe moja ikigeuzwa na uga inaigeuza jirani, na jirani anamgeuza mwingine, hadi sumaku nzima imekwisha. Ukaidi unategemea sana mipaka hii, si chembe zenyewe tu.

Sasa mleteni adui, oksijeni. Gramu 1 ya oksijeni hufunga gramu 6 za neodimiamu kuwa oksidi isiyo na kazi. Unga wako ukibeba 0.5% ya oksijeni, na si vigumu ukisagia mahali penye hewa, umepoteza 3% ya neodimiamu. Ulianza na 31%, umebaki na 28%. Ziada yako ilikuwa 4.3%, sasa ni 1.3%. Aloi haina kosa lolote kwenye karatasi, lakini sumaku inatoka legelege. Kabla ya kubadilisha mapishi, pimeni oksijeni. Mara nyingi mnapokuta ukaidi uko chini, tatizo liko hapo.

Tupeni mapishi ya kuanzia, gramu 500.

Lengo ni neodimiamu 31%, boroni 1%, kobalti 1%, alumini 0.2%, shaba 0.15%, na chuma kilichobaki. Boroni tupu ni ngumu kuyeyuka, kwa hiyo tumieni ferroboroni, aloi ya chuma na boroni. Ikiwa yenu ina boroni 20%, gramu 25 zitawapa gramu 5 za boroni pamoja na gramu 20 za chuma. Wekeni kobalti gramu 5, alumini gramu 1, shaba gramu 0.75. Neodimiamu ni gramu 155, lakini pimeni 158, kwa sababu nyingine hufuka na nyingine hushika ukuta wa chungu. Chuma safi cha kuongeza ni gramu 313.25.

Chuma kiwe cha kaboni kidogo sana. Nondo za ujenzi hazifai, kaboni yake hula neodimiamu kama oksijeni inavyofanya. Neodimiamu ikwanguliwe ile rangi ya kijivu hadi metali inayong'aa ionekane, kisha iingie tanurini ndani ya dakika chache. Ikikaa usiku mmoja mezani Kisumu wakati wa mvua, kwangueni upya.

Kwa majaribio madogo ya gramu 10 hadi 20, tanuri la aki (linaloyeyusha kwa cheche ya umeme) lenye sahani ya shaba inayopozwa kwa maji linatosha, ndani ya agoni, gesi isiyoungana na metali. Yeyusheni kwanza kipande cha titani kilichowekwa pembeni kimeze oksijeni iliyobaki. Ndipo muyeyushe aloi, muigeuze na kuiyeyusha tena mara nne au tano. Pimeni uzito kabla na baada. Ikipungua zaidi ya 0.5%, kuna kitu kimeruka au kimefuka, na mchanganyiko si ule mliouandika.

Tumeyeyusha vizuri, lakini darubini inaonyesha matawi ya chuma tupu ndani ya aloi.

Mmeipoza polepole. Aloi hii ikishuka kutoka kwenye joto la kuyeyuka, kitu cha kwanza kuganda ni chuma. Nd2Fe14B hujitokeza baadaye, karibu na nyuzi 1180, kwa kuila ile chuma. Ikipoa taratibu, matawi ya chuma hunenepa na hayaliwi yakaisha. Chuma hicho ni laini kisumaku, kinafungua mlango wa kugeuzwa, tena hakisagiki vizuri.

Viwanda humwaga aloi juu ya gurudumu la shaba linalozunguka na kupozwa kwa maji, ikatoka vipande vyembamba vya milimita 0.3 hivi. Kama hamna gurudumu, okeni donge ndani ya ombwe au agoni kwa nyuzi 1050 hivi kwa siku moja hadi mbili, matawi yayeyukie ndani. Inafanya kazi, ila inakula stima nyingi.

Kutoka donge hadi sumaku ni hatua gani?

Donge huwekwa kwenye chombo cha chuma kisichovuja, hewa inatolewa, hidrojeni inaingizwa. Neodimiamu hunyonya hidrojeni kama sifongo, aloi inavimba na kupasuka yenyewe, unasikia mipasuko midogomidogo. Njia hii iliendelezwa sana na Rex Harris na wenzake katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na imeokoa kazi kubwa ya kuponda. Baadaye hidrojeni hutolewa kwa ombwe, nyuzi 500 hadi 600. Hidrojeni huwaka ikiwa kati ya 4% na 75% ya hewa, kwa hiyo chumba kiwe na dirisha la juu, maana hupaa, na pasiwe na swichi inayotoa cheche.

Kisha kusaga hadi maikromita 3 hadi 5, kwa kinu cha jeti (kinachogonganisha chembe kwa kasi ya gesi) chenye nitrojeni, au kinu cha mipira chenye kimiminika kisicho na maji. Kila chembe sasa iwe fuwele moja. Unga hutiwa kwenye kalibu, uga wa tesla 1.5 hadi 2 unazielekeza chembe zote upande mmoja, ndipo unagandamizwa. Ukigandamiza kabla ya uga, chembe zimeshabanana na hazigeuki tena. Hilo kosa hutokea sana.

Kuoka ni ndani ya ombwe, nyuzi 1040 hadi 1080, saa mbili hadi nne. Donge la mraba litatoka limefupika zaidi upande ule chembe zilikoelekezwa, kwa hiyo kalibu ichongwe kwa kuzingatia hilo. Uzito kwa ujazo ukifika gramu 7.5 kwa sentimita moja ya ujazo, mmefaulu. Ukiwa 7.0, ongezeni nyuzi 10 kila jaribio. Msiruke nyuzi 40 kwa pamoja. Ukizidisha joto, chembe chache huanza kumeza nyingine na kuwa kubwa mno. Uzito unaonekana mzuri lakini ukaidi umeporomoka.

Halafu kuna hatua ambayo wengi huiacha kwa uchovu: kuoka tena kwa nyuzi 480 hadi 600, saa moja hadi tatu. Hapo ile ngozi kati ya chembe hutandazika sawasawa, na shaba ile ya gramu 0.75 ndiyo inayosaidia. Mwisho ni kuchaji kwa mpigo wa umeme unaotoa uga wa tesla 3 au zaidi.

Unga ukishika moto tufanyeje?

Msitie maji. Maji yakikutana na unga huu unaowaka hutoa hidrojeni, na moto unakuwa mlipuko. Kizimamoto cha kaboni dioksidi hakifai pia. Funikeni kwa mchanga mkavu kabisa au chumvi kavu, mwache upoe wenyewe. Ndoo ya mchanga ikae mkono unapofika, na mchanga ukaushwe tanurini kwanza, kwa sababu ule wa nje una unyevu. Kinu kikisimama, kipoe na kupewa hewa kidogokidogo kwa muda wa saa moja. Anayefungua kinu ghafla ndiye anayeungua uso.

Stima ikipotea katikati ya kuoka?

Fungeni vali iliyo kati ya tanuri na pampu mara moja, kabla pampu haijarudisha mafuta na hewa ndani. Msifungue mlango. Tanuri lililofungwa vizuri hupoa lenyewe likiwa salama. Kinachokatika kwanza ni maji ya kupoza, kwa hiyo wekeni tangi juu ya paa linaloshusha maji bila pampu. Nakuru iko jirani na mitambo ya umeme wa mvuke ya Olkaria, lakini waya unaofika karakana hukatwa na radi kama kwingine. Kundi lililokatizwa liandikwe hivyo daftarini. Msilichanganye na matokeo ya makundi mazima.

Disprosiamu ni ya lazima?

Si ya lazima kwa kila sumaku, ila kwa mota ya joto ni vigumu kuikwepa kabisa. Disprosiamu na tebiamu, nazo ni za madini adimu, zikichukua nafasi ya neodimiamu, fuwele inakuwa kaidi zaidi. Hasara yake ni kwamba usumaku wa atomu zao huelekea kinyume na wa chuma, kwa hiyo nguvu inayobaki hupungua. Ni ghali, na mnamo Aprili 2025 China iliziweka zote mbili, pamoja na samariamu, chini ya udhibiti wa kuuzwa nje.

Njia ya busara ni kuziweka pale tu zinapohitajika. Mnaoka sumaku ya kawaida, mnaipaka juu floridi au hidridi ya disprosiamu au tebiamu, kisha mnaipasha ndani ya ombwe karibu na nyuzi 900 kwa saa kadhaa. Disprosiamu hupita kwenye mipaka ya chembe na kuvika kila chembe ganda gumu, moyo ukabaki neodimiamu. Njia hii inafaa vipande vya milimita chache. Kipande cha sentimita mbili kitakuwa kigumu juu na dhaifu katikati.

Njia nyingine haitumii disprosiamu hata kidogo: chembe ndogo zaidi, oksijeni kidogo zaidi. Ni kazi ya usafi na subira kuliko fedha, na ndiyo tunayoipendekeza kwa maabara ndogo.

Seriamu ni nyingi na bei yake ni ndogo. Kwa nini tusiitumie?

Itumieni, lakini mjue mnachopoteza. Nd2Fe14B ina joto la Curie la nyuzi 312, yaani pale usumaku unapoisha kabisa. Ce2Fe14B, yenye seriamu badala ya neodimiamu, huishia karibu na 150. Usumaku wake wa juu ni takriban tesla 1.2 dhidi ya 1.6. Mkichanganya seriamu na neodimiamu chunguni pamoja, zinaenea kila mahali na mnapata wastani wa vyote viwili.

Ujanja ni kutengeneza aloi mbili, moja yenye seriamu nyingi na nyingine bila seriamu, zisagwe kando, unga uchanganywe, na kuoka kuwe kwa muda mfupi. Chembe nyingi hubaki na ganda la neodimiamu. Mnamo 2018 Toyota ilitangaza sumaku ya aina hii iliyopunguza neodimiamu hadi nusu, ikiwa na lanthanamu (madini adimu mengine mepesi) 1 kwa seriamu 3, chembe ndogo sana na ganda lenye neodimiamu zaidi. Lanthanamu ina kazi yake. Seriamu peke yake hupenda kuunda CeFe2, kiwanja kinachoiba chuma na kuvuruga mipaka ya chembe, na lanthanamu huizuia.

Kwa pampu ya maji, spika, kufuli ya mlango au jenereta ndogo ya upepo isiyochemka, aloi ya seriamu ni uamuzi mzuri. Kwa mota ya bodaboda bado hatuishauri.

Milima ya Homa na Ruri ina madini haya kweli?

Ina miamba ya kabonatiti, yaani miamba ya volkano yenye kabonati nyingi, na miamba hiyo kote duniani ndiyo chanzo kikuu cha madini adimu mepesi. Kilima cha Buru upande wa Koru ni cha jamii hiyohiyo, na Mrima kule Kwale ndicho kinachojulikana zaidi nchini. Lakini mwamba wenye madini si mgodi, na mgodi si sumaku.

Katika madini ya aina hii, sehemu kubwa huwa seriamu na lanthanamu, na neodimiamu ni sehemu ndogo. Disprosiamu karibu hakuna. Kutenganisha neodimiamu na praseodimiamu, kwa mfano, huhitaji tindikali, viyeyusho na mamia ya hatua za kuchuja, kwa sababu atomu zao zinafanana kama mapacha. Baada ya hapo, kilo 1 ya oksidi ya neodimiamu ina gramu 857 za metali, na kuitoa kunataka umeme ndani ya chumvi ya floridi iliyoyeyuka kwa nyuzi zaidi ya 1000. Tena monaziti, moja ya mawe yanayobeba madini adimu, hubeba thoriamu, yenye mnururisho. Mtu asichome mawe hayo kwenye jiko la nyumbani, na asichimbe bila kibali. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016 madini ni mali ya umma chini ya serikali ya kitaifa.

Hata hivyo hoja ya seriamu hapo juu inatuhusu moja kwa moja. Nchi ambayo miamba yake ni ya madini mepesi ina sababu nzuri ya kufanya utafiti wa aloi zinazokula seriamu na lanthanamu, badala ya kungojea disprosiamu isiyokuwepo.

Basi tupate wapi malighafi sasa hivi?

Kwenye vyuma chakavu. Mota ya gurudumu iliyokufa ina vipande vya sumaku makumi kadhaa vilivyobandikwa kwa epoksi, na diski za kompyuta zina viwili vyenye umbo la mwezi mchanga. Jaribuni kwanza kwamba ni neodimiamu. Sumaku nyeusi, nyepesi na isiyo na mng'ao ni feraiti, aina ya oksidi ya chuma isiyo na neodimiamu, iacheni kwa spika. Zipasheni hadi nyuzi 350 au 400 mahali penye hewa inayotoka, kwa sababu epoksi ikiungua hutoa moshi mbaya. Zitapoteza usumaku na gundi italegea. Ondoeni nikeli, kisha zipitisheni kwenye hidrojeni moja kwa moja.

Unga wa chakavu umeshabeba oksijeni ya uzee. Ongezeni hidridi ya neodimiamu, 1% hadi 3% ya uzito, kurudisha ile ziada ya mipakani. Na wekeni chakavu cha mota mbali na cha diski. Cha mota kina disprosiamu, na ukikichanganya umemwaga kitu cha thamani kwenye mtungi wa maji.

Aloi za samariamu je?

Samariamu na kobalti zilitangulia, miaka ya 1960, kupitia kazi ya Karl Strnat na wenzake Marekani. Zinavumilia nyuzi 250 na zaidi, hazishiki kutu kirahisi, ila kobalti ni ghali na sumaku hupasuka kama kigae. Neodimiamu ilikuja 1983, Masato Sagawa kule Japani na John Croat kule Marekani, kila mmoja kwa njia yake. Sm2Fe17N3, ya samariamu, chuma na nitrojeni, iliyotokana na kazi ya Coey na Sun kule Dublin mwaka 1990, inavutia sana, lakini huvunjika ikipita nyuzi 600 hivi, kwa hiyo haiokwi kama neodimiamu. Hutumika ikiwa imefungwa ndani ya plastiki.

Kutu ya huku ziwani inaharibu sumaku zetu ndani ya miezi.

Ile ngozi ya neodimiamu kati ya chembe ndiyo inayoliwa kwanza. Unyevu ukiifikia, inatoa hidrojeni, hidrojeni inaifungua zaidi, na sumaku inamwagika unga wa kijivu kutoka kwenye kona. Kwenye aloi, kobalti na shaba husaidia. Kwa nje, tabaka la nikeli, shaba na nikeli la maikromita 10 hadi 20 linatosha, mradi kona zimezungushwa kabla ya kupakwa. Kona kali hupata tabaka jembamba, na ndipo kutu huanzia. Msibandike sumaku iliyokwaruzwa.

Tunapimaje ukaidi bila mashine ghali?

Tumieni gausimita ya sensa ya Hall, yaani kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku, kishikio cha mbao kinachoweka sensa umbali uleule kila mara, na sufuria ya maji yanayochemka. Pimeni sumaku ikiwa baridi. Ifungeni ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, ikae kwenye maji yanayochemka saa moja, itoeni, ipoe hadi joto la mwanzo, pimeni tena. Upungufu uliopo ikiwa moto, takriban 8%, ni wa kawaida na hurudi. Upungufu unaobaki ikishapoa ndio unaowahusu. Ichajini upya. Ikirudi kamili, ukaidi ulikuwa mdogo. Isiporudi, oksijeni au kutu imeharibu aloi yenyewe.

Kumbukeni kwamba maji ya Nakuru huchemka karibu na nyuzi 94 na ya Kisumu karibu na 96, kwa sababu ya mwinuko. Tofauti hiyo ndogo inatosha kufanya sumaku dhaifu ionekane nzuri Nakuru na mbaya Kisumu, kwa hiyo kipimajoto kiwe ndani ya sufuria, na joto liandikwe kando ya kila kipimo.